Kilichorithiwa ni Ngozi, si Saratani

Katika vijiji vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, korosho huokotwa chini ya mikorosho, penye kivuli. Ufuta hukatwa na kufungwa matita katikati ya shamba lililo wazi, mvua zikishakatika. Kwa mkulima mwenye ualbino, tofauti ya mazao hayo haiko kwenye bei ya mnadani tu. Moja humpa kivuli, jingine humuunguza.

Ualbino ndio hatari ya saratani ya kurithi inayoonekana wazi kuliko zote nchini. Inakadiriwa kuwa Mtanzania mmoja kati ya 1,400 hivi anao, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Mwili wa mwenye ualbino hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayozikinga seli za ngozi dhidi ya miale ya jua. Mabaka makavu, yenye magamba, huanza kujitokeza mapema usoni, midomoni, masikioni na shingoni, na baadhi yake hugeuka saratani.

Jeni ya ualbino lazima itoke kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wenye ngozi nyeusi wanaweza kuibeba maisha yao yote bila kujua, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Wamwera, wenyeji wa wilaya hizi, huhesabu ukoo upande wa mama. Jeni hii huhesabu pande zote mbili. Mama anaposhutumiwa kuwa amelaaniwa au ametoka nje ya ndoa, hesabu hiyo ya robo moja inapaswa kusikika barazani, mbele ya baba na wajomba.

Mzigo wa moyoni nao una sura yake. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika jeni ya BRCA1, inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, hupewa habari hiyo na maabara, kisha akaamua mwenyewe amwambie nani. Mwenye ualbino hana siri ya kutunza. Kila apitaye njiani anamtazama, watoto wanamzomea, na kofia pana inayomkinga ndiyo inayozidi kumtofautisha na wenzake.

Kisha ikaja hofu ya roho. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa Kanda ya Ziwa, yaliwatia woga wazazi nchi nzima. Baadhi ya watoto walipelekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, wakakulia mbali na mama zao. Walinusurika na panga, lakini malezi ya nyumbani wakayakosa.

Aliyezoea kujificha huchelewa pia hospitali. Kidonda kidogo hukatwa kwa upasuaji mdogo na mtu akapona. Kikishachimba, safari huwa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500: nauli, msindikizaji, majuma ya mionzi, na shamba lililobaki bila mtu. Mgonjwa hujiona ameifilisi familia, na wengine hukata tamaa kabla hata ya kupanda basi.

Hata hivyo, mkoa huu wa Lindi una jambo la kujivunia. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, Mtanzania wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura za jimbo. Huko Moshi, mkoani Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC, nako kulibuniwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya ngozi hii.

Mzazi, mvalishe mwanao mikono mirefu na kofia pana, na umpe kazi za kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwalimu, mkalishe karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, na uwakemee wanaomzomea. Na yeyote amwonaye jirani ana kidonda cha mdomo au sikio kisichofunga kwa majuma kadhaa, asimwache aende peke yake: amsindikize hospitali juma hilo hilo.