Jinsi kiroboto wa maji anavyofichua sumu mtoni

Mvua inaposomba dawa ya shambani hadi mtoni, hudhuru viumbe wadogo wanaoliwa na samaki. Ndiposa wataalamu hupima makali ya kemikali kwa kutumia dafnia, yaani kiroboto wa maji.

Mwongozo wa shirika la OECD, uliorekebishwa mwaka wa 2004, huagiza dafnia wasiotimiza saa 24 tangu kuzaliwa watiwe katika angalau viwango vitano vya kemikali kwa saa 48, bila chakula. Wengine huwekwa katika maji safi kwa ulinganisho.

Chombo kikitikiswa taratibu, asiyeogelea kwa sekunde 15 huhesabiwa ameathirika. Kadiri kiwango kinacholemaza nusu yao kilivyo kidogo, ndivyo sumu ilivyo kali. Hata hivyo, madhara ya polepole huhitaji jaribio refu zaidi.