Njia Nyepesi za Vilimani: Kila Mtu kwa Nguvu Zake



Leo twataka kueleza habari ya kutembea vilimani. Huenda mtu wa Buswelu akacheka na kusema, "Nimezaliwa kati ya mawe, nifundishwe nini tena habari za mawe?" Neno hilo si baya. Lakini kumfuata mbuzi kilimani, au kutafuta kuni, ni jambo moja. Kupanda kwa ajili ya afya, maarifa na furaha ni jambo jingine. Watu wengi hudhani kwamba jambo hili la pili ni la vijana wenye miguu ya swala, au la wageni waendao Kilimanjaro. Basi mzee hubaki barazani, mama aliyenenepa hujiona hafai, na mtoto mwenye pumu huachwa nyumbani wenzake wakienda. Hao wote waachwao ndio wenye haja kubwa zaidi ya matembezi. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima watembee kwa bidii ya kadiri, au wafanye kazi ya mwili iliyo sawa na hiyo, angalau dakika 150 kila juma, maana kukaa tu huzidisha maradhi ya moyo, ya shinikizo la damu na ya kisukari.

Kwanza yatupasa kujua vilima vyetu vilivyo. Mawe ya Mwanza ni itale, nayo ni ya kale mno: yapita miaka milioni 2,500. Zamani hizo yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi, yakapoa polepole na kuwa magumu. Kisha yakapasuka nyufa za kwenda juu na za kwenda kando, kama matofali yaliyopangwa. Maji yakapenya katika nyufa, yakaila miamba, hasa pembeni mwake, hata tofali likawa duara. Mwisho mvua za miaka mingi zikauchukua udongo, mawe yakabaki wazi, moja juu ya mwenziwe. Ndiyo maana twaona jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya dogo, hata mgeni hudhani majitu yameyapanga. Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya maji karibu na ufuko wa mjini, ambalo Wajerumani waliliita kwa jina la waziri wao mkuu, lilifanyika vivyo hivyo.

Na mtu asidhani kwamba kilima kidogo hakina habari kubwa. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima katika nchi hii ya Mwanza, akaliona ziwa limetanda mbele yake, akaliita Victoria. Wenyeji walikuwa wakilijua na kulivua tangu zamani. Lakini kwa kule kupanda kwake watu wa Ulaya wakaanza kubishana kama hapa ndipo chanzo cha mto Nile.

Sasa tuzigawe njia katika madaraja matatu, kama tugawavyo wanafunzi shuleni.

Daraja la kwanza ni njia za tambarare na za mwinuko mdogo. Hizi ni za wazee, watoto wadogo, waliotoka katika ugonjwa, na kila mtu aliyekaa muda mrefu bila kutembea. Njia ya vijijini izungukayo kilima chini yake, bila kukipanda, yatosha kabisa. Mjini Mwanza ipo rasi ya Capri Point, ambako mtu aweza kufuata barabara huku akitazama ziwa pande zake. Mbele yake kiko kisiwa cha Saanane, safari ya dakika chache kwa mashua ya mtambo. Kisiwa hicho chaitwa kwa jina la mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekaa huko zamani. Mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Njia zake ni fupi, na mtu akienda polepole ataona pimbi wakiota jua juu ya miamba, na mijusi ya miambani ambayo madume yao yana kichwa chekundu na mwili wa buluu.

Daraja la pili ni kukipanda kilima chenyewe, kama vile vilivyozunguka Buswelu na sehemu nyingine za Ilemela, au Isamilo kule mjini. Vilima hivi si virefu, lakini vina miteremko mikali na mawe matupu. Hapa ndipo hesabu itufaapo. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapandaji wa milima huitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilometa 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila meta 600 za kupanda. Wanafunzi na wafanye hesabu hii: njia ni kilometa 3, na kilele ki juu ya mguu wa kilima kwa meta 150. Kilometa 3 ni dakika 36. Meta 150 ni dakika 15. Jumla dakika 51. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya. Kundi lenye wazee au watoto na liongeze nusu yake, iwe yapata saa moja na robo, bila kuhesabu mapumziko.

Daraja la tatu ni milima mirefu ya mbali; nayo pia ina njia zisizotaka ushujaa. Katika milima ya Usambara, mtu akitoka mjini Lushoto aweza kwenda kwa miguu mpaka Irente, genge ambalo toka ukingoni mwake nchi tambarare yaonekana chini sana. Na Kilimanjaro, ambao kilele chake ni meta 5,895, hauwalazimishi watu wote wafike kileleni. Kwa njia ya Marangu mtu hupita msituni kwa saa tatu au nne mpaka vibanda vya Mandara, meta 2,720, akarudi siku ile ile. Lakini ziwa letu lenyewe liko meta 1,134 tu juu ya bahari. Kuanzia meta 2,500 hivi baadhi ya watu huumwa kichwa na kuona kichefuchefu kwa uhaba wa hewa, hata wakiwa vijana wenye nguvu. Dawa ya kwanza ni kutopanda zaidi. Na hali ikizidi, kushuka.

Je, mtu atajuaje kwamba njia ni ya kadiri yake? Kipimo anacho kinywani. Akiweza kuzungumza na mwenziwe lakini hawezi kuimba, mwendo wake ni mzuri. Akishindwa hata kumaliza sentensi, na apunguze. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika, hayo si uvivu: ni onyo, na safari imekwisha. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu na amwulize mganga wa hospitali kabla ya kuanza, na dawa zake azichukue mfukoni.

Kuna desturi mbaya ambayo twaiona katika makundi mengi. Wenye nguvu hutangulia, wakafika juu, wakaketi kumngoja mchovu. Naye akiwafikia tu, wao wamekwisha kupumzika, wanasimama na kuendelea. Yeye hapati hata dakika moja ya kukaa. Hivyo aliye dhaifu hupumzika kidogo kuliko wote, ndiye aangukaye, na safari ya pili haendi tena. Basi kanuni yetu ni hii: aendaye polepole kuliko wote ndiye atangulie, na mwenye nguvu akae nyuma. Asiyependa mwendo huo na achukue mzigo wa wenzake. Hapana aibu katika jambo hili; pole pole ndio mwendo.

Tena tukumbuke hatari za nchi yetu. Itale likilowa lateleza, na watu wengi huumia katika kushuka wala si katika kupanda, kwa kuwa magoti yamechoka na moyo una haraka. Shuka kwa hatua fupi. Usitie mkono katika ufa usiouona ndani. Nyoka na nyuki hukaa humo. Usivunje minyaa, maana utomvu wake ukiingia jichoni wadhuru sana. Jua likiwa kali na ziwa li karibu, usioge maji ya ufukoni yaliyotulia penye majani, kwa ajili ya kichocho. Chukua maji safi toka nyumbani.

Hatari kubwa kuliko hizo ni radi. Nchi kavu mvua za ngurumo hupenda kuja alasiri. Kwa hiyo ondokeni alfajiri, mwe mmekwisha kushuka kabla ya adhuhuri. Umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike: kila sekunde tatu ni kilometa moja. Lakini msingoje hesabu ipungue. Ukiisikia ngurumo, radi yaweza kukufikia. Ondokeni kileleni, msisimame chini ya mti ulio peke yake, msiegemee mwamba, wala msirudi juu mpaka dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwisho, kilima kina wenyewe. Pengine njia yapita katika shamba la mihogo, au karibu na makaburi na mahali pa matambiko. Piga hodi kwa walio karibu, uliza njia, usikanyage mazao, wala usikate miti michache iliyobaki. Mizizi yake ndiyo ishikayo udongo usishuke na mvua.

Wakubwa wa nyumba, juma hili chagueni njia moja ya daraja la kwanza, iliyo karibu na mlango wenu. Mwiteni yule ambaye hamjamwita siku nyingi, mkamweke mbele.