Pakiti moja, lita moja: kwa nini kipimo cha maji ya ORS si jambo la kubahatisha

Mama mmoja wa mtaa wetu alipewa pakiti ya ORS kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa anahara. Alipofika nyumbani alichukua chupa tupu ya soda, akaijaza maji safi, akamimina pakiti yote na kutikisa. Mtoto alikunywa, akatapika, kisha kiu ikazidi. Jioni tulimkuta macho yameingia ndani, tukawasindikiza mpaka kituo cha afya. Kwa bahati nzuri alipona. Baadaye mama akaniuliza: "Kijana wangu, dawa ni ile ile na sikumwaga hata punje. Kosa langu ni nini?"

Ndugu wakazi, swali hili linatuhusu wote, tuwe Base Camp, Juru au Rubondo. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni maji.

Maji hufuata chumvi

Samaki wa ziwani akipakwa chumvi, hutoa maji. Kabichi iliyokatwa na kunyunyiziwa chumvi hulowa yenyewe. Ni kwa sababu maji huhama kutoka upande wenye chembe chache zilizoyeyuka kwenda upande wenye chembe nyingi. Utumbo wa mtoto ni hivyo hivyo. Kinywaji chenye chembe nyingi kuliko damu huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni, na mtoto huhara zaidi.

Shuleni tulifundishwa kuhesabu chembe hizo kwa kipimo kinachoitwa moli. Wakati ule nilidhani ni mambo ya mtihani tu. Damu ya binadamu ina takriban milimoli 290 za chembe katika kila lita. Pakiti ya ORS ya lita moja ina gramu 20.5 za unga: chumvi ya kawaida 2.6, glukosi 13.5, chumvi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9. Ukiyeyusha katika lita moja kamili unapata milimoli 245, chini kidogo ya damu. Humo glukosi ni 75 na sodiamu ni 75. Hizi mbili huvuka ukuta wa utumbo pamoja, na maji huzifuata kuingia mwilini.

Sasa tuhesabu chupa ya soda ya mililita 300. Chembe ni zile zile 245, lakini zimebanwa katika maji kidogo: 245 gawanya kwa 0.3 ni karibu 817. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya damu. Ukitumia nusu lita unapata 490, bado ni kali mno. Ukitumia lita moja na nusu unapata 163 tu: chumvi ni pungufu, haitoshi kurudisha ile iliyopotea.

Chumvi ina nguvu kuliko sukari

Kinachovuta maji ni idadi ya chembe, wala si aina yake. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika sehemu mbili, na chembe zake ni nyepesi. Sukari haigawanyiki, na chembe yake ni nzito. Kwa hiyo gramu moja ya chumvi huvuta maji karibu mara 12 kuliko gramu moja ya sukari. Ukikosea sukari kidogo, madhara ni madogo. Ukikosea chumvi, ni hatari.

Kama pakiti haipo, tengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na kilima. Usibadilishe chumvi na sukari! Onja kwanza: kikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, kwa hiyo ni wa kusaidia tu wakati mnatafuta pakiti.

Ilithibitishwa kwa wakimbizi

Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa Bangaon nchini India, na kipindupindu kikazuka. Maji ya kutundika mshipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi kwa vipimo, watu wakanywa. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza ukolezi wa ORS kutoka 311 hadi 245, kwa sababu mchanganyiko mwepesi hupunguza kuhara na kutapika.

Tufanye hivi

1. Soma pakiti kwanza. Iwe umeipata hapa Nakivale, Mbarara mjini au Bwizibwera, fuata kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake.
2. Kwa pakiti ya lita moja, tumia chupa mbili za maji za nusu lita zilizojaa. Ukishapima, weka alama kwenye jagi lako.
3. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo upime na kuchanganya. Usichemshe ORS: maji hupungua, chumvi hubaki.
4. Usigawe unga wa pakiti kwa kukisia. Changanya yote.
5. Usiongeze sukari, soda wala maziwa.
6. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole.
7. Endelea kunyonyesha na kumlisha, na umpe vidonge vya zinki kama ulivyoelekezwa.
8. Baada ya saa 24 mwaga iliyobaki.

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka akiwa mlegevu, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo.

Yule mama sasa ana chupa mbili za nusu lita zimening'inia ukutani, na majirani huja kuziazima. Ndugu mzazi, na wewe tafuta zako leo, kabla mtoto hajaugua.