Mkaa Unaonasa Dhahabu

Mwanafunzi wa Ihanda, wilayani Mbozi, huujua mkaa kuwa ni kitu cha jikoni. Lakini katika mkoa wake huo huo wa Songwe, upande wa Mkwajuni, na pia katika wilaya jirani ya Chunya, mkaa hununuliwa kwa kazi isiyohusu moto wa kupikia hata kidogo: kutoa dhahabu ndani ya maji. Huu ni mkaa amilifu, nao wachimbaji huuita kaboni tu.

Kwa kazi ya dhahabu hupendelewa mkaa wa vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa pasipo hewa ya kutosha mpaka ibaki kaboni. Kisha kaboni hiyo hupitishiwa mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi za Selsiasi, na mvuke hula sehemu yake:

C + H₂O → CO + H₂

Panapoliwa huachwa vitundu vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu hivyo zikihesabiwa, gramu moja ya mkaa mzuri huwa na uso wa mita za mraba zipatazo 1,000. Gramu saba, basi, hukaribia uwanja wa mpira.

Ni uso huo ufanyao kazi. Chujio huzuia vipande vilivyo vikubwa kuliko matundu yake. Mkaa hunasa hata vitu vilivyokwisha kuyeyuka, vikagandamana na kuta zake. Tena haunasi kila kitu. Hupenda zaidi molekuli kubwa zisizopatana sana na maji, kama zile za rangi nyingi, na huiacha chumvi ya mezani ipite. Mwaka 1785 Tobias Lowitz, mkemia aliyefanya kazi St. Petersburg, Urusi, aligundua kuwa mkaa huondoa rangi katika vimiminika. Viwanda vya sukari vya Ulaya vikautumia ujuzi huo: rangi ya kahawia ilibaki katika mkaa, sukari ikapita.

Katika dhahabu mambo ni kinyume, kwani kinachonaswa ndicho kinachotakiwa. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, hulowekwa katika maji yenye sayanidi, na dhahabu iliyobaki huyeyuka:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Maji hayo hupitishwa katika mkaa, nao hunasa mchanganyiko huo wa dhahabu na sayanidi. Katika migodi mikubwa, kama ule wa Geita, mkaa hutiwa ndani ya tope lenyewe, ukasukumwa kinyume cha mkondo wake. Mkaa mpya hukutana na tope lililokaribia kuishiwa dhahabu, hata chembe za mwisho zikapatikana. Hapo ndipo ugumu wa kifuu unapokuwa na faida. Mkaa laini husagika, na unga wake huondoka na tope ukiwa umebeba dhahabu ya mwenyewe!

Mkaa ukijaa hauonyeshi dalili yoyote: ni mweusi kama ulivyokuwa. Kupima maji yanayotoka ndiko kunakojulisha. Dhahabu huondolewa kwa kuosha mkaa na maji ya moto yenye magadi makali ya kiwandani, kisha umeme huiweka dhahabu juu ya nyuzi za chuma. Mkaa wenyewe hurudishiwa nguvu tanurini, kwenye nyuzi 700 hivi.

Na maji je? Yatokapo kwenye mkaa huweza kuwa maangavu kama ya chemchemi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa umechukua dhahabu. Sehemu kubwa ya sayanidi isiyoungana na dhahabu umeiacha humo humo. Chokaa hutiwa ili pH izidi 10, kwa maana maji yakikosa ukali huo sayanidi hugeuka gesi yenye sumu. Maji haya hurudishwa kazini, au sayanidi yake huharibiwa kwa kemikali, kwa mfano haidrojeni peroksaidi. Kabla ya hapo hayafai kwa ng'ombe wala kwa bustani, na bwawa lake hutandikwa turubai lisilovuja na kuzungushiwa uzio.