Skrini Ije Pale Somo Linapokwama

Miezi 15 inatosha kuonyesha kama kifaa kinamsaidia mtoto kujifunza. Nchini Peru, mradi wa One Laptop per Child uligawa kompyuta katika shule za msingi za vijijini kiasi kwamba kila mwanafunzi aliyefikiwa alipata yake. Watafiti waliolinganisha shule 319, zilizopata na ambazo hazijapata, walitoa ripoti mwaka 2012: baada ya miezi kama 15, hapakuwa na dalili kwamba watoto wenye kompyuta walijua hesabu au lugha kuliko wenzao.

Mkoani Tanga, Tanzania, muda huohuo ulizaa matunda mengine. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa takriban nusu.

Ni kweli kwamba aliyeanza na sifuri huonekana haraka akipiga hatua, kwa hiyo mizani ya Peru na Tanga hailingani sawasawa. Lakini kuna jambo lisilopingika. Tanga, waliotengeneza programu walijua tangu mwanzo kazi yake: kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Peru, kompyuta zilifika na masomo yakaendelea kama zamani. Swali la kwanza la shule yoyote inayotaka vifaa, basi, ni moja: somo letu linakwama wapi?

Kwa shule za Bujumbura, nchini Burundi, jibu halijifichi sana. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa yalifurika, na shule nyingi zikalazimika kusomesha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mageuzi ya 2013 yakaleta elimu ya msingi ya miaka tisa. Katika miaka ya mwanzo mtoto hufundishwa kwa Kirundi, na kwa lugha hiyo hafanyi vibaya: katika upimaji wa PASEC wa 2014, uliohusisha nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi wa mwaka wa pili walikuwa mstari wa mbele. Mtihani wa kweli unakuja mwaka wa tano, Kifaransa kinapogeuka lugha ya kusomea. Mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliyelelewa kwa Kiswahili nyumbani na kusomeshwa sehemu kwa Kirundi sasa anatakiwa aelewe hesabu kwa lugha anayoisikia darasani tu, tena akiwa mmoja kati ya wengi waliobanana kwenye madawati.

Hapo ndipo kifaa kina kazi, na si lazima kiwe cha bei. Burundi ina Radio Nderagakura, redio ya elimu iliyokusudiwa kulisaidia darasa. Upungufu wa redio ni kwamba haimsubiri mtu. Somo lilelile likirekodiwa kwenye flashi na kuchezwa kwa spika ndogo, mwalimu anapata kitufe cha kusimamisha. Darasa linasikia sentensi ya Kifaransa kuhusu sehemu ya nne ya shamba, mwalimu anasimamisha, wawili wawili wanaelezana kwa Kirundi au Kiswahili walichokielewa, sentensi inarudiwa, mmoja anaisema upya kwa Kifaransa. Kitufe hicho kinamfaa mwanafunzi kuliko video ya dakika arobaini.

Chukua somo la umeme. Chuo Kikuu cha Colorado kinatoa bure programu za PhET, zinazopatikana kwa Kifaransa, na baadhi kwa Kiswahili, na zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti. Mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta anaunganisha betri, nyaya na balbu kwenye skrini. Kabla ya kugusa chochote anauliza: nikiongeza balbu ya pili kwenye waya huuhuu, mwanga wa ile ya kwanza utazidi, utapungua au utabaki palepale? Kila mwanafunzi anainua kikaratasi chenye herufi A, B au C kilichokatwa kwenye boksi. Mwalimu anatupa jicho, anaona darasa limegawanyika, anawaacha wabishane na jirani zao, wanainua tena, ndipo anabonyeza. Mwanga unapungua. Aliyekwisha kujifunga na jibu lake sasa ana sababu ya kutaka kujua kwa nini.

Mbinu hiyo ya kuuliza, kujadiliana na kuuliza tena ilienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, tangu mwaka 1991. Vyuo vyenye fedha huifanya kwa vitufe vya elektroniki. Vikaratasi vya boksi hufanya kazi ileile. Ukiondoa skrini, somo bado lina uti wa mgongo. Ukiondoa swali, kinachobaki ni sinema.

Hayo yote yanamtegemea mwalimu, na Kenya inatoa funzo hapa. Programu ya kusoma ya Tusome, iliyoanza kitaifa mwaka 2015, iliwapa watoto vitabu, walimu miongozo, na vishikwambi wakapewa maofisa wanaotembelea shule, ili wamwangalie mwalimu akifundisha kisha wamshauri. Burundi nayo haianzi mikono mitupu: ilikuwa kati ya nchi nne za kwanza za IFADEM, mpango wa kuwafunza walimu wa shule za msingi kutoka mbali kwa vijitabu, wakufunzi na vituo vya kompyuta. Nguvu yake ilikuwa mkufunzi anayerudi tena na tena, kitu ambacho semina ya siku mbili haiwezi kukileta.

Umeme nao una hesabu yake. Projekta ya kawaida hula wati 200 hadi 300, na umeme ukikatika katikati ya somo, somo limeishia hapo. Simu na spika ndogo huchajiwa kwa paneli ndogo ya jua, na jua la tambarare ya Imbo, ilipo Bujumbura, halina uhaba. Masomo yakishapakuliwa mara moja, shule hainunui megabaiti kila wiki.

Kwa hiyo mkuu wa shule anayeahidiwa vifaa awaketishe walimu wake kwanza, kila mmoja ataje mada moja inayowashinda wanafunzi kila mwaka. Wachague mada tatu, wawape watoto jaribio fupi kabla ya kifaa kuingia darasani, na jingine kama hilo mwishoni mwa muhula. Alama zikipanda, waendelee. Zisipopanda, wabadili namna ya kufundisha kabla ya kuomba kompyuta nyingine.