Umri wa kuishi jijini: Hesabu inayomhusu pia mfanyabiashara

Sensa ya mwaka 1988 ilionyesha kuwa Mtanzania alitarajiwa kuishi wastani wa miaka 50. Ile ya 2002 ilionyesha miaka 51. Kwa miaka 14 taifa liliongeza mwaka mmoja tu, ingawa chanjo za watoto zilikuwa zimeenea. Sababu kubwa ni ukimwi. Utafiti wa Wizara ya Afya katika miaka ya 1990 ulikuta kuwa Dar es Salaam ukimwi na kifua kikuu viliongoza kwa kuua watu wazima.

Wengi hudhani wastani wa miaka 50 maana yake watu hufa wakifika 50. Sivyo. Chukua watu 10 waliozaliwa jijini, wanane wakafika miaka 70. Wawili waliobaki wakifa kwa malaria wakiwa na mwaka mmoja, wastani ni 56.2. Wakifa kwa ukimwi wakiwa na miaka 35, wastani ni 63. Wakifa kwa kiharusi wakiwa na 65, ni 69.

Kifo cha mtoto ndicho kinachoshusha wastani kuliko vyote. Lakini sokoni, pigo kubwa ni kifo cha mtu wa miaka 35. Huyo ndiye mwenye duka, mkopo benki, fundi aliyesomeshwa na watoto wanaohitaji ada. Akifariki, daftari la wadeni hubaki bila msimamizi na kampuni ya bima hulipa fidia kabla haijakusanya michango ya kutosha. Wanaobaki hutozwa zaidi.

Hali ilianza kubadilika pale dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Sensa ya 2012 ilionyesha wastani wa karibu miaka 62.

Hata hivyo, takwimu ya mwaka mmoja isimpoteze mwekezaji. New York, jiji linalotoa hesabu hii kila mwaka, lilishuka kutoka miaka 82.6 mwaka 2019 hadi 78 mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kisha likapanda hadi 81.5 mwaka 2022. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2020 hakupoteza miaka minne ya maisha yake. Hesabu hupigwa kwa vifo vya mwaka husika tu.

Sasa shinikizo la damu na kisukari vinaongezeka mijini. Magonjwa haya hayaui haraka, bali humla mgonjwa mtaji kidogo kidogo kwa dawa na siku za kufunga duka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa za kampuni ya bima au kumdhamini mwenzako benki, usiishie kwenye wastani. Uliza ni ugonjwa gani unaoua, na unawachukua watu wa umri gani.