Upepo wa kompresa: Chujio lifaalo gurudumu halifai mapafu

GARSEN ni mji wa njia panda. Magari yatokayo Malindi huachana hapo, mengine yakishika njia ya Witu na Lamu, mengine yakipanda kuelekea Hola na Garissa. Haishangazi basi kwamba kuziba pancha, kupuliza rangi na kusafisha injini ni kazi za kawaida katika miji kama huu, na zote zinahitaji kompresa. Mashine ya jamii hiyo hiyo ndiyo izungushayo kekee ya daktari wa meno, na nyingine ndogo imo ndani ya mtambo unaomtengenezea mgonjwa oksijeni wodini.

Mtu anaponunua kompresa, aghalabu huuliza ukubwa wa tangi na nguvu za mota. Ni wachache wanaouliza kuhusu kile kifaa kidogo kinachofungwa baina ya tangi na mpira, yaani chujio pamoja na kidhibiti presha, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Ilhali kifaa hicho ndicho kinachoamua upepo utamfikia binadamu ukiwa katika hali gani.

Tuanze na maji, kwa kuwa katika nchi ya Tana hilo ndilo tatizo kubwa. Hewa ya bondeni na pwani ina unyevu mwingi. Chukua hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80: kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 24 za maji yaliyo mvuke. Ikisukumwa ndani ya tangi hadi presha ya bar 7, ambazo ni kama pauni 100, hewa hiyo hubanwa ikawa sehemu moja kwa nane ya ilivyokuwa. Ikishapoa, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu nne hivi. Gramu 20 zilizosalia huwa maji. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika itatoa karibu robo lita ya maji kila saa ya kazi. Maji hayo hukutana na kutu ya tangi na mafuta ya pistoni, na matokeo yake ni ule uji wa rangi ya kahawia unaotoka ukifungua koki ya chini.

Chujio la kawaida huuzungusha upepo kwa kasi ili matone yatupwe pembeni na kushuka kwenye kikombe chake. Kisha upepo hupita katika kichungi kinachozuia vumbi na kutu. Ubora wa kichungi hupimwa kwa mikroni; mikroni 1,000 ni milimita moja. Kwa magurudumu na vyombo vya gereji, kichungi cha mikroni 40 kinatosha. Kwa rangi, afadhali mikroni 5. Ukungu wa mafuta unahitaji kichungi cha namna nyingine, kinachoyakusanya matone madogo kabisa mpaka yawe makubwa na kudondoka; hicho hufika sehemu moja kwa mia ya mikroni na lazima kitanguliwe na kile cha mikroni 5, la sivyo kitaziba upesi. Harufu huondolewa na makaa maalum.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Chujio huondoa maji yaliyokwisha kuwa matone, wala si mvuke. Likifungwa kwenye shingo ya tangi, mahali ambapo upepo ungali moto, mvuke utapita salama na kugeuka maji mbele ya safari, ndani ya mpira. Liweke mbali na tangi, baada ya mita kadhaa za paipu ya chuma, karibu na mahali pa kazi, na hapo litakamata maji mengi zaidi.

Regyuleta nayo kazi yake ni kushusha presha na kuishikilia pale fundi anapoitaka. Tangi linaweza kuwa na pauni 120, ilhali gurudumu la pikipiki huhitaji kama pauni 30 tu. Anayejaza gurudumu moja kwa moja kutoka tangini kwa kukisia na sikio anacheza na roho yake. Tena kuna desturi ya kujipuliza vumbi mwilini na nguoni jioni kazi inapokwisha. Upepo wa tangi unaweza kupasua kiwambo cha sikio, kurusha chembe ya chuma jichoni au kuingia chini ya ngozi kupitia kidonda. Wapo waliochanika matumbo, na wengine kufariki, kwa sababu mwenzao aliwaelekezea mpira matakoni kwa mzaha. Kanuni za kazi za Marekani haziruhusu upepo wa kusafishia vitu uzidi pauni 30, na hata hapo kinga ya kuzuia chembe zisiruke ni lazima.

Ieleweke pia kwamba regyuleta si valvu ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka tangi la upepo liandikwe kiwango chake salama cha presha, liwe na geji na valvu ya usalama, na likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Sasa tuje kinywani. Kekee ya meno huzungushwa na upepo wa kama pauni 30 hadi 40, kutegemea mtengenezaji. Presha ikizidi, kekee huharibika. Upepo wenye maji na mafuta nao hupulizwa juu ya jino lililochongwa, na dawa ya kuzibia haishiki vyema mahali penye unyevu au mafuta. Tena tangi lenye maji yaliyotuama ni makao ya vijidudu. Ndiyo maana kliniki ya meno hutumia kompresa isiyotiwa mafuta, kikaushio, na chujio laini. Kile kifaa cha tatu kinachodondosha mafuta ndani ya upepo, ambacho gereji hukifunga baada ya regyuleta ili kulainisha vyombo, hakina nafasi kabisa katika paipu ya kliniki. Mtambo wa oksijeni nao huja na vichujio vyake. Kile cha sponji cha nje kioshwe kila wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Vumbi na unyevu huua zile punje za ndani zinazotenga oksijeni, na mgonjwa hupata hewa hafifu huku mashine ikinguruma kana kwamba mambo ni sawa.

Anayestahili kuhurumiwa zaidi ni mpulizaji rangi. Rangi nyingi za magari zinazochanganywa na kigumishi huwa na kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huleta pumu. Mapafu yakishazichukia, hata kiasi kidogo huweza kumkaba mtu pumzi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii lolote. Kinga ya kweli ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na hapo ndipo baadhi ya mafundi wenye nia njema hukosea: huunganisha barakoa na kompresa ile ile ya rangi, wakiamini chujio walilonunua litasafisha kila kitu.

Halitasafisha. Umeme ukipotea na kompresa ikaendeshwa kwa injini ya petroli au dizeli, moshi wa injini huweza kuvutwa ndani pamoja na hewa. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu oksijeni. Hakuna chujio la kawaida, hata lile la makaa, linaloizuia. Kipimo cha Ulaya cha hewa ya kupumua hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za gesi hiyo katika milioni, na mafuta yasizidi nusu miligramu kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya namna hiyo hutoka katika kompresa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye mitambo yake ya kusafisha na king'ora cha gesi, na mdomo wake wa kuvutia hewa ukiwa mbali na moshi.

Kikombe cha chujio nacho kina hatari yake. Vingi ni vya plastiki angavu inayovumilia kama pauni 150 na joto la nyuzi 50 hivi. Petroli, thina na mvuke wa rangi huila plastiki hiyo polepole. Siku moja hupasuka mfano wa glasi. Osha kwa sabuni na maji pekee, wala usiondoe kile kikapu cha chuma kinachokizunguka. Palipo na rangi na jua kali, nunua kikombe cha chuma, ijapokuwa hutaona maji ndani.

Na kwa waliofikiwa na mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024: kichungi kilichozama kitupwe, na tangi likaguliwe kabla ya kutiwa presha.

Dukani, peleka vipimo viwili: kompresa yako hutoa lita ngapi kwa dakika, na chombo chako kinakula ngapi. Kifaa chenye matundu ya robo inchi hukaba bunduki kubwa ya rangi, na fundi huishia kuongeza presha bila faida. Chagua geji ambayo presha yako ya kila siku itaangukia katikati ya sahani yake. Ikiwa hakuna mtu wa kukumbuka kumwaga maji, chukua chenye boya linalojimwaga lenyewe, halihitaji umeme. Uliza kama vichungi vya akiba vinapatikana, kwani kichungi hubadilishwa presha inapopungua kwa pauni 10 kati ya kuingia na kutoka, au kila mwaka. Kisha tazama mshale uliochorwa juu ya kifaa, uelekee kule upepo unakokwenda. Kikifungwa kinyume hakichuji.